Kiembeni, Kati ya Makaburi na Maabara

Mkazi wa Kiembeni, Mombasa, akipanda matatu ya Mtwapa, haupiti muda mrefu kabla hajavuka daraja. Ng'ambo ile, nyuma ya mabaa na majumba ya wageni, kuna magofu ya mji wa mawe uliokaliwa kwa karne nyingi hadi ulipoachwa katika karne ya 18. Abiria wengi hupita bila kujua kwamba upo. Akiendelea na safari ya kaskazini atafika Kilifi mjini, ambako tangu 1989 kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza, kinachoshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, ubavuni mwa hospitali ya kaunti.

Magofuni walichimbua mifupa. Kilifi wanapima damu. Majibu ya kazi zote mbili yalitokea katika jarida moja la London, Nature: ya damu Septemba 2020, ya mifupa Machi 2023. Huwezi kulipata jarida hilo kwa muuza magazeti wa Bamburi, na hata ukilipata, Kiingereza chake ni cha kutafuna mawe. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi Kiembeni maisha yake yote, kati ya kaburi linalochunguzwa na chuo kikuu cha Harvard na chupa ya damu inayochunguzwa na Cambridge, asisikie lolote. Nami nasema kazi hizi mbili ni za kusomwa pamoja. Zote zinahusu damu ya Pwani, na zote zisingefika popote kama watu wa maabara wasingekubali kukaa kwanza na watu wa hadithi.

Tuanze na mifupa.

Utafiti wa 2023 ulichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Walitoka Mtwapa, Manda na Faza upande wa Kenya, wakatoka Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa Tanzania, na wengine Makwasinyi, kijiji cha bara kule Kasigau, Taita Taveta. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya anayefundisha Chuo Kikuu cha South Florida nchini Marekani, pamoja na David Reich wa Harvard, ambaye maabara yake ndiyo iliyosoma vinasaba. Mwandishi wa kwanza alikuwa Esther Brielle.

Swali walilolikuta mezani lilikuwa kuukuu. Nani alijenga miji hii? Wachimbuaji waliotangulia, kina James Kirkman pale Gede na Neville Chittick kule Kilwa, waliiona kama makazi ya wageni kutoka ng'ambo ya bahari, Mwafrika akiwa pembeni. Tarikhi ya Kilwa nayo ilisimulia majahazi ya Washirazi kutoka Uajemi. Kisha wakaja wasomi waliopindua meza. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya msikiti wa miti wa karne ya 8, na mji ukikua hatua kwa hatua papo hapo. Wataalamu wa lugha, Derek Nurse na Thomas Spear, walichapisha kitabu chao mwaka 1985 wakionyesha kwamba Kiswahili ni ndugu wa damu wa Kigiriama, Kidigo na Kipokomo, katika kundi linaloitwa Sabaki. Kwa hiyo kufikia mwisho wa karne iliyopita, vyuoni Ushirazi ulikuwa umegeuka karibu ngano: hadithi ya wakubwa waliotaka kujitukuza kwa nasaba ya mbali.

Vinasaba vikavuruga pande zote mbili. Watu wengi waliozikwa katika miji ile walikuwa na asili ya Kiafrika inayozidi nusu, na sehemu iliyobaki, kubwa vilevile, ilitoka Asia. Ile ya Asia kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Uajemi, pamoja na chembe ya India. Uchanganyikaji ulianza kufikia takriban mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi, alama za Bara Arabu zikaanza kuongezeka, jambo linalokubaliana na tunayoyajua kuhusu Waomani na majirani zao. Basi wale wazee waliokuwa wakisema mababu walitoka Uajemi hawakuwa wakiota, na wale wasomi waliosema huu ni ustaarabu wa Kiafrika hawakuwa wakidanganya.

Lakini jambo zito zaidi limo katika mgawanyo wa baba na mama. Kuna vinasaba ambavyo mtu huvirithi kwa mama peke yake, na kuna vingine ambavyo mwanamume huvirithi kwa baba peke yake. Kwa waliozikwa Pwani, vya mama vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika. Vya baba, hasa katika miji ya kaskazini kama Mtwapa na Manda, vingi vilitoka Asia. Yaani wanaume walivuka bahari, wakaoa hapa.

Mchanganyiko wa namna hiyo, ukiusoma bila historia, unaweza kukupeleka pabaya haraka. Kwingineko duniani, baba wa kigeni na mama wa nchi mara nyingi ni alama ya ushindi wa vita au utumwa. Hapa ndipo unapomhitaji mtu wa historia, lugha na mila. Watoto wa ndoa zile hawakukua wakizungumza Kiajemi, walikua na lugha ya mama zao. Nyumba katika miji mingi ya Waswahili zilipita kwa mabinti, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mfanyabiashara aliyesubiri msimu wa pepo ugeuke alihitaji mahali pa kufikia, mtu wa kumdhamini, na wakwe wenye jina mjini. Akioa, ameingia, na mji nao umepata mkono ng'ambo ya bahari. Waandishi wa utafiti wenyewe waliona hivyo: ushahidi unaelekea kwenye familia za Kiafrika zilizopokea wageni kwa masharti yao. Mimi nakubaliana nao, ijapokuwa mfupa peke yake hauwezi kusema nani alikuwa na sauti ndani ya nyumba.

Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na matokeo haya yalipotoka kila mtu alivuta. Aliyejiita Mshirazi akasema sasa maabara imenithibitisha. Aliyekuwa akimcheka akashika lile neno la asili ya Kiafrika inayozidi nusu. Wote wawili walipitia haraka mambo mawili yaliyoandikwa waziwazi. La kwanza, makaburi mengi yaliyochimbwa ni ya watu wenye nafasi, yaliyo karibu na misikiti, si ya kila mchukuzi na mvuvi wa mji. La pili, watu wanaojitambulisha leo kuwa Waswahili wana viwango tofauti tofauti vya urithi kutoka kwa wale wa kale, na mara nyingi ni vidogo. Miaka mia tano ya ndoa, utumwa, uhamiaji na biashara haikupita bure. Anayetaka kupeleka mate yake katika maabara ya ng'ambo ili aletewe cheti cha Ushirazi, na akiba yake ni yake, asitarajie mengi.

Sasa, mifupa hiyo ilipatikanaje? Pwani hakuna anayefurahia kaburi la Mwislamu lifukuliwe, awe marehemu wa jana au wa karne ya 14. Kusimba alikuwa amefanya kazi miongoni mwa watu wa Pwani kwa miongo kadhaa kabla ya kupata ruhusa ya wazee, na ruhusa yenyewe ilikuja na masharti: mifupa ipimwe hapo hapo, kisha irudishwe ardhini bila kukawizwa. Hilo si jambo dogo. Makabati ya majumba ya makumbusho ya Ulaya yamejaa mabaki ya watu wa Afrika ambayo hakuna aliyeomba ruhusa kuyachukua. Mtwapa waliokuwa na swali na waliokuwa na makaburi walikaa chini wakapatana, na sayansi iliyotokea haikupungua kitu kwa sababu hiyo.

Mkataba wa aina hiyo ndio uliohitajika pia Kilifi, kwa sababu damu ni ngumu kuliko mfupa.

Kila aliyelelewa Pwani amesikia habari za mumiani. Watoto walionywa wasitembee magharibi, gari lisilojulikana likisimama wakimbie, kuna watu wanaonyonya damu ya binadamu waifanye dawa. Kule Nairobi walisema ni wazimamoto. Wakubwa wa kikoloni waliziandika habari hizi kama upuuzi wa wenyeji. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, alizishughulikia kwa heshima nyingine kabisa: hakuuliza kama ni kweli, aliuliza zinasema nini. Naye akaonyesha kwamba katika hadithi za wanyonya damu, watu wa Kenya, Uganda na nchi jirani walikuwa wakizungumzia kazi, malipo, tiba za kulazimishwa na serikali ambayo ilichukua kila mara bila kueleza inachukulia nini.

Weka sasa kituo cha kisasa, chenye magari na majokofu, katikati ya nchi yenye kumbukumbu hiyo, kikiomba damu ya watoto. Wazazi wa Kilifi waliuliza maswali ambayo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Mbona ni nyingi? Inapelekwa wapi? Mbona mnamtoa damu asiyeumwa? Sassy Molyneux na wenzake walioko huko huko kituoni wakaanza kuyaandika maswali hayo kama utafiti kamili, badala ya kuyaona kikwazo cha kuondolewa njiani. Kukawa na mtandao wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini, wanaokutana na watafiti na kupinga inapobidi. Haukumaliza minong'ono, na sidhani kama unapaswa kuimaliza. Lakini bila huo, chupa za damu nitakazozieleza hapa zisingejaa.

Hadithi ya damu hiyo inaanzia kabla ya Kilifi kuwa na kituo. Mwaka 1949 kijana aliyeitwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali nchini. Alikuwa akitafuta alama za ukoo wa makabila, akakutana na kitu kingine. Chembe za selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema, zilikuwa kwa zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii za Pwani na za Ziwa Victoria. Nyanda za juu, hazikufika hata asilimia moja. Pwani na Ziwa hawana ukoo mmoja wala lugha moja. Walichonacho pamoja ni joto, maji na mbu. Allison akang'amua kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria, ilhali anayeirithi kwa wote wawili huugua sikoseli. Alilichapisha wazo hilo mwaka 1954.

Namna alivyolijaribu ni jambo la kutafakari kidogo. Alichukua wanaume 30 Wajaluo waliojitolea, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria. Kati ya wasio nayo, 14 waliugua. Kati ya wenye nayo, ni 2 tu. Hesabu inapendeza kwa usafi wake, na imo katika vitabu vya biolojia duniani kote. Leo kamati ya maadili ingekuwa na maswali mengi kabla ya kuiruhusu. Kilifi nako wamefanya majaribio ya kuambukiza watu wazima malaria kwa makusudi, chini ya uangalizi mkali na fomu ndefu za ridhaa, na watafiti wenyewe wameandika mengi kuhusu lile swali gumu la fidia: mtu asiye na kazi akilipwa siku zake, amekubali au amenunuliwa?

Miaka 50 baada ya Allison, Kilifi ilitoa vipimo vyake. Utafiti wa Tom Williams na wenzake wa 2005 ulionyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja ya sikoseli anakingwa kwa asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, asilimia 75 dhidi ya ile ya kulazwa, na karibu asilimia 90 dhidi ya ile kali inayoua. Hakuna chanjo ya malaria inayofika hapo.

Kisha ikaja Dantu. Hili ni kundi la damu ambalo wengi hatukulisikia shuleni, maana tulifundishwa A, B na O tukaachiwa hapo. Linapatikana zaidi Afrika Mashariki, na Kilifi ni miongoni mwa mahali ambapo si adimu. Utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2017 ulikadiria kwamba kila nakala ya jeni hiyo hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Ilijulikana inakinga, haikujulikana kivipi. Silvia Kariuki wa kituo cha Kilifi, pamoja na wenzake wa Cambridge, walichukua damu ya watoto 42 wa huko, wenye nakala mbili za Dantu, moja, au wasio nayo, wakaipeleka chini ya hadubini inayopiga picha mfululizo, na kuwatazama vimelea wakijaribu kuingia ndani ya chembe nyekundu.

Jibu lilikuwa la kimwili kabisa. Chembe ya Dantu imewambwa zaidi. Utando wake umekazwa, na kimelea anayesukuma ili aukunje na kuupenya anashindwa kuukunja. Hata katika damu ya kawaida, chembe zilizokaza kupita kiwango fulani zilimshinda, ila Dantu ina nyingi zaidi za aina hiyo. Maana yake, pengine siku moja dawa haitalazimika kumuua kimelea, ambaye ni bingwa wa kuzoea dawa. Itatosha kukaza mlango kidogo. Dawa hiyo haipo bado, na mwandishi mwenzangu yeyote atakayekuandikia kwamba "tiba ya malaria yagunduliwa Kilifi" umwombe arudie kusoma.

Hapa wengine huuliza: malaria si imepungua Mombasa? Imepungua, ndiyo. Lakini katika sampuli za Desemba 2022 kule Marsabit, KEMRI iligundua mbu aina ya Anopheles stephensi, mgeni kutoka Asia Kusini na Uarabuni, ambaye hahitaji dimbwi la kijijini. Anazaana katika matenki, mapipa na mitungi ya maji ya mjini. Djibouti ilimwona mara ya kwanza mwaka 2012, mwaka ambao wagonjwa wa malaria nchini humo walikuwa 27. Kufikia 2020 walizidi 73,000. Kwa mtaa ambao bomba hutoa maji kwa zamu na kila ploti ina tenki na safu ya madumu uani, huyo ni mbu wa kumsikilizia habari zake mapema.

Tumrudie Allison na ramani yake, maana Kiembeni imeikunja. Alichokiona mwaka 1949 kama vipande viwili vilivyo mbali, Pwani huku na Ziwa kule, leo kimo ndani ya ua mmoja. Kiembeni ni mtaa wa nyumba za kupanga. Ukuta huu Kigiriama, ukuta ule Kijaluo, juu Kiluhya, dukani Kiswahili cha wote. Vijana wanaoana, na heri. Mababu zao, wakiwa mbali kwa mamia ya kilomita, walipambana na malaria kwa silaha ile ile. Kwa hiyo ndoa ya Mgiriama na Mjaluo, ambayo kwa hesabu ya ukoo ni ya watu wasiohusiana kabisa, kwa hesabu ya sikoseli ni ndoa ya watu wa hatari moja. Wote wawili wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Wenyewe hawana dalili yoyote. Hawajui.

Na ugonjwa wenyewe si wa kupuuza. Sophie Uyoga na wenzake wa Kilifi waliwafuatilia watoto 15,737 tangu uchanga, wakakuta 128 wana sikoseli, na vifo vyao vilizidi vya wenzao mara nyingi. Habari njema ilitoka katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, lililofanywa Kilifi na vilevile Uganda, Kongo na Angola: watoto waliomeza dawa ya haidroksiyurea kila siku walipata maumivu machache, wakaongezewa damu mara chache, wakaugua malaria mara chache, na wachache zaidi walifariki. Si dawa mpya, ilikuwapo siku nyingi kwa matumizi mengine. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba inawafaa watoto wa Afrika, walio katikati ya malaria.

Pwani kuna desturi ambayo ingerahisisha mambo. Kijana akitaka kuoa, wazee hutumwa kuulizia upande wa pili: ni watu wa wapi, ukoo gani, kuna maradhi yanayowaandama? Zamani katika orodha hiyo walitaja ukoma, kifafa na wazimu. Wakati mwingine uchunguzi huo umetumika vibaya, kuwatenga watu kwa rangi au kwa babu aliyekuwa mtumwa, na hilo lazima lisemwe. Lakini mlango upo, na wanaoingia humo ni watu wanaosikilizwa. Swali la sikoseli lingepita hapo kwa urahisi kuliko kwenye bango la zahanati, mradi lije kama taarifa ya kuwasaidia wawili wanaooana na lisigeuke kisa kipya cha kuvunja posa. Kipimo chenyewe kinataka damu kidogo tu, na wenye jeni moja wanaweza kuoana, wakazaa, wakamtibu mapema mtoto atakayehitaji matibabu. Kinachobaki ni kupatana nani atamweleza shangazi wa bwana harusi.